Vita ya 1812: wakubwa walitoka sare, waliopigwa hawakuwepo mezani

Kuna vita moja ya Marekani ambayo huku kwetu karibu hakuna anayeizungumzia. Wengi tulisoma 1776, George Washington, chai kumwagwa baharini kule Boston, alafu tukaruka moja kwa moja mpaka Abraham Lincoln na vita ya Kaskazini na Kusini, kana kwamba hapo katikati, karibu miaka 80, watu walikuwa wamelala tu. Hawakulala. Mwaka 1812 Marekani, nchi ambayo ilikuwa haijafikisha hata miaka 40 tangu itangaze uhuru, ilitangaza vita dhidi ya Uingereza, wakapigana miaka miwili na nusu, Ikulu ya Marekani ikachomwa moto na askari wa Kiingereza, mwishoni wakasaini amani ambayo kwenye karatasi haikusogeza mpaka hata hatua moja. Vitabu vingi vinaandika kwamba ilikuwa sare. Mimi hiyo sare siikubali. Kwa Washington na London sawa, sare, lakini kuna watu walipigana hiyo vita mpaka mwisho na wakapoteza kila kitu, na siku ya kusaini hakuna aliyewawekea kiti.

Tuanze na chanzo maana chanzo chenyewe kinasema mengi. Ulaya ilikuwa inawaka, Uingereza inapambana na Napoleon, na jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na njaa ya mabaharia. Maisha kwenye zile manowari yalikuwa mateso, viboko, mshahara kiduchu tena unacheleweshwa, kwahiyo mabaharia wengi wa Kiingereza walikuwa wanatoroka na kwenda kuomba kazi kwenye meli za biashara za Marekani ambako kulikuwa na unafuu. Waingereza wakawa wanasimamisha meli za Marekani katikati ya bahari, wanapanda, wanawapanga watu mstari, wewe ni wetu, wewe twende, na waliobebwa kwa mtindo huo wakiwemo Wamarekani kabisa walifika maelfu. Juni 22, 1807 manowari ya Kiingereza iitwayo Leopard ikaimiminia mizinga manowari ya Marekani, Chesapeake, nje kidogo ya pwani ya Virginia, watu wakafa, mabaharia wanne wakachukuliwa. Watatu kati ya hao walikuwa Wamarekani, na kati ya hao watatu wawili walikuwa watu weusi. Nchi nzima ikachachamaa kwa hasira, raia huru hawezi kukamatwa na kutumikishwa kwa nguvu! Na ni kweli hawezi. Lakini sensa ya 1810 inaonyesha nchi hiyo hiyo ilikuwa na watu kama milioni 7.2, na karibu milioni 1.2 kati yao ni watumwa. Naomba uishike hiyo namba tukiendelea.

Rais Thomas Jefferson alijaribu kwanza njia ya biashara. Desemba 1807 wakapiga marufuku meli za Marekani kwenda kuuza nje, wakidhani Uingereza itakosa pamba na ngano na itapiga magoti. Aliyepiga magoti ni mwenye meli wa Boston na Salem. Alafu likaja kundi la wabunge vijana kutoka magharibi na kusini, Henry Clay wa Kentucky, John C. Calhoun wa South Carolina, hawa walitaka vita na hawakuficha, na midomoni ilikuwa heshima ya taifa na haki za mabaharia, ila wengi wao walikotoka hakukuwa na bahari, kulikuwa na ardhi, na kwenye hiyo ardhi kulikuwa na wenyeji ambao walikuwa hawataki kuondoka. Rais James Madison akasaini tangazo la vita Juni 18, 1812. Kura zilikuwa 79 kwa 49 Bunge la Wawakilishi na 19 kwa 13 kwenye Seneti, yaani nchi iliingia vitani ikiwa imepasuka katikati.

Na hapa kuna kitu ambacho kila nikikisoma kinaniuma. Siku tano tu baada ya tangazo hilo, Juni 23, serikali ya Uingereza ilifuta zile amri zake za kubana biashara ya Marekani, ambazo zilikuwa moja ya sababu kubwa kabisa za vita. Ila hakukuwa na simu ya upepo, hakukuwa na waya chini ya bahari, habari ilisafiri kwa tanga na kuvuka Atlantiki ni wiki kadhaa, kwahiyo huku wanaondoa sababu kule wameshatangaza vita. Mwisho wake ulikuwa vile vile, utaona mbele, mapigano makubwa kuliko yote yalipiganwa wakati amani imeshasainiwa.

Canada, iliyokuwa koloni la Uingereza, sitakaa nayo sana. Jefferson aliyekuwa ameshastaafu aliandika kwamba kuichukua itakuwa suala la kutembea tu, na hawakutembea, walikimbia. Agosti 16, 1812 Jenerali William Hull alisalimisha Detroit nzima kwa jenerali wa Kiingereza, Isaac Brock, bila mapigano ya maana. Mwezi wa nne mwaka uliofuata Wamarekani wakaingia York, mji ambao leo ni Toronto, wakaondoka majengo ya bunge yakiwa yameungua. Watu wa Canada mpaka leo wanaihesabu hii kuwa vita iliyowafanya wajione ni watu wamoja, na wana haki hiyo, walilinda kwao.

Ninayetaka kukaa naye ni Tecumseh.

Tecumseh alikuwa Mshawnee, kabila mojawapo la wenyeji, kazaliwa mnamo 1768 maeneo ya Ohio, baba yake akauawa vitani na wazungu yeye akiwa mtoto. Alikua akiona jambo lile lile linajirudia, serikali inamwita chifu mmoja au machifu wachache, inawapa zawadi na hela kidogo, wanasaini karatasi, alafu watu elfu ngapi huko wanaambiwa hameni, ardhi si yenu. Mwaka 1809 kwa mkataba wa Fort Wayne, gavana wa Indiana, William Henry Harrison, alichukua ekari kama milioni 3 kwa mtindo huo. Tecumseh akasema hapana, hii ardhi ni ya wenyeji wote kwa pamoja na hakuna kabila moja wala chifu mmoja mwenye ruhusa ya kuiuza. Mwaka 1810 alimfuata Harrison mwenyewe kule Vincennes akamwambia usoni, kuuza nchi? Basi mbona msiuze na hewa na bahari pia? Wewe fikiria, mtu anasema hivyo 1810, kabla Mzungu hajagawa bara letu kwa rula pale Berlin, na hoja yake ni ile ile ambayo wazee wetu wangekuja kuitoa mbele ya makampuni na magavana, kwamba sahihi ya mtu mmoja haiwezi kuuza makaburi ya watu wote.

Yeye na mdogo wake Tenskwatawa, aliyekuwa kama nabii, walijenga kijiji kwenye makutano ya mito ya Tippecanoe na Wabash, watu wa makabila mengi wakawa wanakuja kukaa pamoja. Mwishoni mwa 1811 Tecumseh akasafiri kwenda kusini kuwashawishi Wamuskogi, ambao wazungu waliwaita Creek, na wengine wajiunge. Harrison akaisubiri hiyo safari. Novemba 7, 1811 pakapiganwa pale Tippecanoe na kijiji kikachomwa na chakula chao cha majira ya baridi kikaungua humo. Kwahiyo vita ilipotangazwa 1812 Tecumseh hakuingia upande wa Uingereza kwa mapenzi ya mfalme, aliingia kwa sababu ndo mshirika pekee aliyekuwepo mwenye bunduki na mwenye ugomvi na adui yule yule. Hull anasalimisha Detroit alikuwa anamuogopa yeye na vijana wake kuliko alivyowaogopa askari wa Brock.

Bahati mbaya Brock aliuawa Oktoba 1812 pale Queenston Heights, na kamanda wa Kiingereza aliyebaki na Tecumseh, Henry Procter, hakuwa mtu wa namna ile. Wamarekani wakashinda kwenye Ziwa Erie Septemba 10, 1813, Procter akaanza kurudi nyuma, na Tecumseh akamsema hadharani, akamfananisha na mnyama mnono anayetembea mkia umesimama na akitishwa kidogo anauingiza katikati ya miguu na kukimbia. Oktoba 5, 1813 kwenye mto Thames, ndani ya Canada, Procter alisimama kidogo tu, askari wake wakavunjika kwa muda mfupi sana na yeye akatoweka. Tecumseh na watu wake kama 500 wakabaki wanapigana peke yao mpaka akafa. Mwili wake haukujulikana ulipo mpaka leo. Na ule muungano wa makabila ukafa naye siku ile.

Huko kusini mambo yalikuwa magumu zaidi kwa sababu Wamuskogi waligawanyika wenyewe kwa wenyewe. Kundi lililoitwa Fimbo Nyekundu lilitaka kupigana, kundi lingine likawa upande wa Wamarekani. Machi 27, 1814 Jenerali Andrew Jackson aliwazingira Fimbo Nyekundu kwenye pindo la mto Tallapoosa, Horseshoe Bend, Alabama ya leo, akiwa na msaada wa Wacherokee na wale Wamuskogi waliomuunga mkono. Waliuawa zaidi ya 800 siku moja. Agosti ikafika, Jackson akawaita kusaini mkataba Fort Jackson, na waliokaa mbele yake wengi walikuwa wale wale waliopigana upande wake! Akawachukulia ekari zaidi ya milioni 20, zaidi ya nusu ya nchi yao, adui na rafiki kwa pamoja, hakutofautisha. Mimi sijui unamwangaliaje mtu usoni ukimfanyia hivyo baada ya kumwaga damu kwa ajili yako, lakini alifanya, na miaka 15 baadaye akawa rais.

Watu hupenda kusema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Hapa siupendi huo msemo. Hawa hawakuwa nyasi, walikuwa na viongozi, mipango, siasa yao na majeshi yao, na kuna wakati walikuwa karibu kabisa kuibadilisha ramani ya lile bara.

Sasa twende pwani ya mashariki, kwenye watumwa, maana huku ndo kuna sehemu ya vita ambayo sinema na sherehe huwa zinaipita haraka.

Meli za Uingereza zilipoingia Ghuba ya Chesapeake mwaka 1813, kitu cha kwanza kilichotokea hakikupangwa na jenerali yeyote. Watumwa wa Virginia na Maryland walianza kuzifuata. Usiku, kwa mitumbwi ya kuiba, wengine na watoto mgongoni, wanapiga kasia kuelekea kwenye taa za meli za adui wa bwana wao. Hawakusubiri kuitwa. Wito ulikuja baadaye, Aprili 2, 1814, Admirali Alexander Cochrane alitoa tangazo kwamba yeyote anayetaka kuondoka Marekani atapokelewa, achague kuingia jeshini au kupelekwa kama mkazi huru kwenye makoloni ya Uingereza. Neno watumwa hata halikuandikwa lakini kila mtu alielewa. Kama watu 4,000 walitoroka kwa njia hiyo, na ukiacha vita ya uhuru yenyewe hakuna kipindi kingine kabla ya vita ya Lincoln ambapo waliondoka wengi hivyo kwa mkupuo.

Uingereza haikufanya hivyo kwa huruma, tuwe wakweli, ilikuwa bado ina watumwa wake laki kadhaa kule Karibi na ilitaka kumkomoa mpinzani. Ila kwa mtu aliyepanda ule mtumbwi hilo halikumhusu, yeye alitafuta mlango na mlango ulikuwa ule. Vijana wakapelekwa kisiwa cha Tangier katikati ya ghuba, wakafundishwa kijeshi, wakapewa makoti mekundu na bunduki, wakaitwa Askari wa Majini wa Kikoloni. Admirali George Cockburn mwanzoni alikuwa hana imani nao kabisa, baada ya kuwaona vitani akaandika kuwasifu. Na wao ndo walikuwemo Agosti 24, 1814 jeshi la Marekani lilipovunjika Bladensburg na Waingereza wakaingia Washington bila kizuizi.

Usiku ule wakachoma bunge, wakachoma Ikulu, wakachoma wizara ya fedha. Mke wa rais, Dolley Madison, anakumbukwa kwa kuokoa picha kubwa ya George Washington. Ila Paul Jennings, mtumwa wa familia ya Madison aliyekuwa na miaka 15 wakati ule na alikuwepo mle ndani, alikuja kusimulia akiwa mtu mzima na huru kwamba picha ilishushwa na mtumishi mmoja Mfaransa pamoja na mtunza bustani, na kwamba yeye Jennings alikuwa ametoka kuandaa meza ya chakula, bia na divai zimewekwa zipoe, askari wa Kiingereza walipoingia wakala kile chakula chote. Nampenda sana huyu kijana kwa kutuachia hayo. Majengo yaliyokuwa yanaungua usiku ule yalijengwa kwa sehemu kubwa na mikono ya watumwa, na kati ya waliovaa makoti mekundu wakiyaangalia yakiungua walikuwemo watu waliotoroka utumwa miezi michache tu nyuma. Wiki tatu baadaye, Septemba 13 kuamkia 14, Waingereza wakaipiga mabomu ngome ya McHenry pale Baltimore usiku kucha wakashindwa, na mwanasheria Francis Scott Key aliyekuwa anaangalia kutoka melini akaandika shairi ambalo mwaka 1931 likafanywa rasmi wimbo wa taifa. Ubeti wa tatu, ambao kwa kawaida hauimbwi, unasema hakuna kimbilio litakalomwokoa mamluki na mtumwa. Key mwenyewe alimiliki watumwa. Watu wanabishana ubeti ule ulimlenga nani, mimi nikiweka zile meli za Cochrane mbele ya macho yangu naona ulimlenga nani.

Mkataba ulisainiwa Ghent, Ubelgiji ya leo, Desemba 24, 1814. Upande wa Marekani walikuwepo John Quincy Adams, Albert Gallatin, Henry Clay na wenzao wawili. Mwanzoni Waingereza walidai itengwe nchi ya wenyeji kusini mwa Maziwa Makuu, nchi kamili yenye mpaka wake, ile ndoto ya Tecumseh. Wamarekani wakagoma. Duke wa Wellington, yule yule aliyekuja kumshinda Napoleon, alipoulizwa ushauri akasema kwa hali ya vita ilivyo Uingereza haina haki ya kudai ardhi yoyote. Basi wakaacha. Kipengele cha 9 kikaandikwa kwamba wenyeji warudishiwe mali na haki walizokuwa nazo 1811. Jackson kule kusini akakipuuza, serikali yake ikamwacha, Uingereza ikanyamaza. Na zile haki za mabaharia, jambo ambalo watu waliambiwa ndo linalowapeleka vitani? Mkataba haukuzitaja kabisa. Kwa upande wa Marekani peke yake hesabu za kawaida zinataja vifo kama 15,000 ukijumlisha waliokufa kwa magonjwa, ambao ndo wengi.

Na habari ya amani ikiwa bado iko njiani baharini, Januari 8, 1815, Jackson aliwaua na kuwajeruhi Waingereza kama 2,000 nje ya New Orleans kwa muda wa asubuhi moja, yeye akipoteza watu wachache sana. Kwenye mstari wake walikuwemo vikosi viwili vya watu weusi huru, walikuwemo Wachokto, kabila lingine la wenyeji, na handaki na ukuta wa udongo vilichimbwa kwa jasho la watumwa. Ushindi ule ndo ulioifanya nchi ijione imeshinda vita nzima, na ndo uliomtengeneza Jackson kuwa shujaa mpaka akaingia Ikulu 1829. Mei 28, 1830 akasaini sheria ya kuwahamisha wenyeji kwenda magharibi ya Mississippi. Wacherokee, wale waliomsaidia Horseshoe Bend, walisukumwa kwa bunduki mwaka 1838, na wanaokadiriwa kufikia 4,000 walikufa kabla safari ile haijakwisha.

Kwanini watu waliitaka ile ardhi hivyo? Pamba. Zile ekari milioni 20 na kitu za Wamuskogi zilikuwa kati ya udongo bora wa pamba duniani. Alabama ikawa jimbo 1819, mwaka 1820 ina watumwa 40,000 na kidogo, mwaka 1860 wamezidi 435,000. Hawakuzaliwa wote pale, wengi waliuzwa kutoka Virginia na Maryland, zile zile pwani ambazo meli za Cochrane ziliondoka, wametenganishwa na ndugu zao na kutembezwa kwa minyororo kwenda kusini. Kwa hiyo ukiuliza vita ile ilimaliza nini, kwa mtumwa aliyekosa mtumbwi mwaka 1814 ilimfungulia njia mbaya zaidi.

Na huku kwetu tulivishwa hiyo pamba, na hili nalisema kwa uzito wake.

Vita na ile marufuku ya biashara viliua biashara ya nje ya Marekani, mauzo yalikuwa dola milioni 108 mwaka 1807 yakaporomoka mpaka kama milioni 7 mwaka 1814. Matajiri wa Massachusetts wenye hela isiyo na pa kwenda wakaiweka kwenye viwanda. Francis Cabot Lowell alikuwa ametoka kuzunguka viwanda vya nguo vya Uingereza akiikariri mitambo kichwani, meli aliyorudi nayo ilikamatwa na Waingereza na mizigo yake ikapekuliwa, hawakukuta kitu maana kila kitu kilikuwa kichwani. Mwaka 1813, vita inaendelea, akaanzisha kampuni Waltham, na fundi Paul Moody wakaunda mtambo wa kufuma, pamba inaingia mlango mmoja na kutoka mlango wa pili ikiwa kitambaa. Amani ilipokuja nguo rahisi za Uingereza na India zikafurika, Lowell akapigania ushuru, ukapita 1816, ukavilinda vile viwanda vya nguo nyeupe, nzito, ya bei nafuu. Miaka michache mbele nahodha wa Salem anateremsha nguo ile ile Zanzibar na sisi tunaiita merikani. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, akafunga mkataba na Sayyid Said, ushuru asilimia 5, mwaka 1837 konseli wa Marekani, Richard Waters, yuko Zanzibar, miaka minne kabla ya konseli wa Uingereza. Majora ya merikani yakabebwa na wapagazi mpaka Tabora, mpaka Ujiji, yakawa ndo fedha ya njiani, mtu ananunua chakula kwa merikani, analipa hongo kwa merikani, ananunua meno ya tembo na, ndiyo, ananunua watu kwa merikani. Pamba iliyochumwa na mtumwa kwenye ardhi aliyonyang'anywa Mmuskogi, ikanunulia mtumwa mwingine bara kwetu. Bibi zetu walipovaa ile nguo hawakuwa na namna ya kujua ilipopita. Sisi tunayo namna.

Wale 4,000 waliotoroka nao walikuwa na kesi yao. Marekani ilidai kwa mkataba wa Ghent warudishwe kwa mabwana zao. Uingereza, na hapa naipa haki yake, ilikataa. Shauri likapelekwa kwa mfalme wa Urusi, Aleksanda wa Kwanza, mwaka 1822 akaipa Marekani haki, na mwaka 1826 Uingereza ikakubali kulipa dola 1,204,960. Zililipwa kwa waliokuwa wamiliki. Kwa wale waliofanya kazi bure maisha yao yote hazikwenda hata senti.

Askari wale, kama 700 na familia zao, walipewa mashamba kusini mwa Trinidad kuanzia 1815, kila kikosi kijiji chake, na vijiji hivyo bado vinaitwa kwa namba za vikosi, Kikosi cha Tatu, cha Tano, cha Sita, wazao wao wako pale wanalima na kusali kwa namna waliyokuja nayo. Wengine kama 2,000 walipelekwa Nova Scotia, Canada, kwenye baridi kali, Preston na Hammonds Plains, viwanja vya ekari kama 10 vya mawe ambavyo hata mkulima hodari angepata shida navyo. Na kwa wengi wao hawakupewa hati, walipewa karatasi ya ruhusa ya kukaa. Bila hati huwezi kuuza, huwezi kukopea, huwezi kumrithisha mtoto kwa sheria. Wakajenga makanisa na nyumba juu ya ardhi ambayo kisheria haikuwa yao, wakazaa, wakazikana pale, na ni mwaka 2017 ndo serikali ya Nova Scotia ilianza mpango wa kuwasaidia watu wa Preston na jamii nyingine za weusi kule kupata hati za viwanja vyao.